Sehemu ya Kumi ya Sekunde

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Inspekta Jefwa alipanda ngazi za nyumba ya Bi Mwanakuu akiwa na vitu vitatu mfukoni: daftari, kalamu na saa ya refa. Saa ile haikuwa mali ya polisi. Ilikuwa yake mwenyewe, ya kubonyeza, aliyoitumia kila Jumamosi akichezesha mpira uwanja wa Tononoka, na wenzake kituoni walizoea kumtania kwamba iko siku atampa mshukiwa kadi ya manjano.

Leo hakuna aliyemtania. Mkubwa wake, Ogutu, alimwambia waziwazi kabla hajatoka. "Msichana anapanda kizimbani kesho saa tatu. Ni Mgiriama mwenzako. Ukija na neno la kumtetea, lije na ushahidi. Huruma iache huko huko."

Msichana mwenyewe aliitwa Kadzo, karani katika kampuni ya uwakala wa mizigo ya Bwana Aidarus, iliyopanga orofa ya pili ya nyumba hiyo ya Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta maelezo ya kila mzigo utokao bandarini kwenda godauni. Jumatano iliyopita kulikuja mapipa arobaini ya kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomea vyuma huyatia maji yakatoa gesi inayoshika moto. Mzigo wa namna hiyo lazima uandikiwe onyo kwamba usikaribiane na maji. Alhamisi asubuhi orodha ilichapwa kutoka kwenye kompyuta ikapelekwa godauni, Shimanzi, na mzigo huo haukuwamo kabisa, wala onyo lake. Makuli wakayashusha mapipa hivyo hivyo, mawili yakiwa yamepasuka, kisha wakaosha sakafu kwa mpira wa maji kama walivyofanya kila siku. Saa nne mmoja wao akawasha jiko la chai.

Huyo mmoja aliitwa Bonface. Mwili wake ulikuwa bado mochari ukingoja nduguze kutoka bara. Jefwa alimjua, kwa kuwa alikuwa kipa wa timu ya makuli, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na Jumamosi mbili tu nyuma Jefwa mwenyewe alimwonyesha kadi kwa kosa la kupoteza muda. Kadi hiyo ilikuwa ikimuuma Jefwa tangu Alhamisi, ingawa kisheria ilikuwa halali.

Kadzo alisema aliliandika onyo. Kompyuta ilisema hakuliandika. Ofisi nzima ilikwisha kuchagua nani wa kumwamini, na hawakumchagua Kadzo.

"Sabalkheri, Inspekta," Bwana Aidarus alimpokea mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. "Karibu. Wa nyumbani hawajambo? Utakunywa kahawa?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Kahawa baadaye."

Jefwa alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi: mtu akimkirimu sana, alimshuku; asipomkirimu, alimshuku vilevile. Aliitazama ofisi. Meza nne zilikuwa na skrini nne, na nyaya zake zote zilikwenda kwenye kompyuta moja kubwa iliyosimama pembeni kama friji dogo. Makarani watatu wengine walikuwa wamepewa ruhusa ya siku hiyo. Kadzo, aliyekuwa nje kwa dhamana ya polisi, alikaa kwenye benchi karibu na dirisha, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mikono magotini. Kando ya mashine alisimama kijana mwenye tai, Kenneth, fundi wa kompyuta aliyekuwa na kiofisi chake karibu na Marikiti.

Ukutani, juu ya mashine, kulikuwa na karatasi iliyotiwa fremu. Jefwa aliikaribia. Ilikuwa na safu mbili za nambari, KABLA na BAADA, na chini yake sahihi ndefu yenye maringo: Imepimwa na kuthibitishwa na Kenneth Ngowa.

"Hii ni nini?"

"Vipimo, Inspekta." Kenneth aliitikia upesi, na kwa fahari kidogo. "Mashine ilikuwa nzito. Karani akibonyeza kuhifadhi, alingoja sekunde nne ndipo aandikiwe kwamba kazi imehifadhiwa. Mizigo mia tatu kwa siku, sekunde nne kila mmoja, piga hesabu mwenyewe. Wiki tatu zilizopita nikabadilisha namna faili zinavyoandikwa. Sasa ni sehemu ya kumi ya sekunde. Nilipima mara ishirini, nikachukua wastani."

"Mawakala wenzangu walikuja kuitazama," Bwana Aidarus akaongeza. "Wawili wamemwita Kenneth kwao."

Jefwa akaandika: sekunde nne, sehemu ya kumi, wiki tatu. Kisha akamgeukia Kadzo.

"Nieleze Jumatano, tokea fomu ya mzigo ilipofika mkononi mwako."

"Ilifika saa kumi na moja unusu," Kadzo alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kwa kurudia maneno yale yale. "Nikaingiza mapipa, nikaingiza onyo. Saa kumi na moja na dakika hamsini nikabonyeza. Skrini ikaandika 'Imehifadhiwa'. Nikatia tiki kwa kalamu nyekundu kwenye fomu, nikakusanya vitu vyangu, saa kumi na mbili nikashuka. Nilikuwa wa mwisho. Bi Mwanakuu alikuwa chini akiningoja azime."

"Azime nini?"

"Stima," Bwana Aidarus alijibu badala yake, huku akitabasamu kidogo. "Hiyo ni ada ya nyumba hii. Zamani nyaya ziliungua jikoni kwake, akanusurika. Tangu siku hiyo karani wa mwisho akishuka, Bi Mwanakuu huzima swichi kuu kwa mkono wake, na huiwasha saa mbili kasorobo asubuhi. Imo kwenye mkataba wa upangaji. Kompyuta nayo imezimwa hivyo hivyo miaka minne, na haijapoteza hata herufi."

Jefwa aliitazama fomu. Tiki ilikuwapo, nyekundu, imekaa sawasawa mbele ya neno MAJI.

"Tiki hutiwa hata kesho yake, Inspekta," Bwana Aidarus alisema kwa upole. "Simchukii huyu binti. Lakini mzigo wenye onyo hukaguliwa, hucheleweshwa. Wako wenye mizigo wasiopenda onyo liandikwe. Ikiwa mtu alimwendea karani wangu kwa siri, mimi nitajuaje?"

Kadzo alielekeza kidole kwenye tiki ile nyekundu.

"Tutajaribu," Jefwa alisema. "Kadzo, kaa mahali pako. Andika mzigo wa uongo, mapipa arobaini, na onyo lile lile. Ukifika kubonyeza, niambie."

Kadzo akakaa mbele ya skrini. Vidole vyake vilikumbuka kazi kabla yeye hajakumbuka kuogopa. Alichapa haraka, bila kutazama kibodi. "Sasa," akasema, akabonyeza. Jefwa naye akabonyeza saa yake. Taa ndogo nyekundu kwenye uso wa mashine ikawaka, ikapepesa, ikapepesa. Neno likatokea: Imehifadhiwa.

Jefwa aliitazama saa, akairudisha kwenye sifuri. "Andika mwingine." Akaandika mwingine, kisha wa tatu. Kila mara taa ilipepesa, na kila mara Jefwa aliandika nambari daftarini bila kuisoma kwa sauti.

Wakangoja dakika kumi, kama Jumatano ile. Jefwa akachungulia ngazini, akamwomba Bi Mwanakuu azime. Pangaboi la darini lilizunguka polepole, likasimama. Stima iliporudishwa, mashine ilichukua robo saa kuamka. Kenneth alieleza kwamba ikizimwa ghafla, lazima ijikague faili moja moja kabla haijaruhusu mtu kuingia. Hatimaye Kadzo akaifungua orodha.

Mizigo yote mitatu ilikuwamo, na maonyo yake yote matatu.

Bwana Aidarus alishusha pumzi. "Mashine haina ndugu, Inspekta," alisema, na Jefwa alijua vizuri jiwe hilo lilirushwa wapi.

Kadzo hakulia. Aliinama mpaka uso ukakaribia kibodi, akasema kwa sauti ndogo, "Haikuwa hivi."

"Haikuwa vipi?"

"Haikuwa ikichelewa hivi. Wiki zile, ukigusa tu, ishaandika. Na taa ile haikuwa ikiwaka. Mimi hata nilisahau kwamba kuna taa."

Jefwa aliitazama karatasi ya ukutani, kisha daftari lake. Ukutani palisema sehemu ya kumi ya sekunde. Saa yake ilisema sekunde nne na nusu, nne na robo, nne na nusu. Refa akimwona winga aliyewaacha watu wote Jumatano, na Jumatatu anachechemea, hujiuliza ama ameumia, ama aliyevaa jezi si yeye. Alilimeza wazo hilo, akamgeukia Kenneth kana kwamba anauliza bei ya nazi.

"Tangu uirekebishe wiki tatu zilizopita, umeigusa tena?"

"La."

"Hata baada ya ajali?"

"Nitaigusa ya nini? Ilikuwa sawa."

"Vizuri. Niandikie hayo hapa, na sahihi yako."

Kenneth akaandika, akatia sahihi ile ile yenye maringo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Jefwa alipenda kumwacha mtu aitembee mpaka mwisho.

Bi Mwanakuu alikuwa amekaa ukumbini chini, sinia ya mchele mapajani, akichambua. Swichi kuu ilikuwa nyuma yake chini ya ngazi, ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye uzi shingoni mwake. Alipomwona Jefwa hakuacha kuchambua.

"Shikamoo, Bi Mwanakuu."

"Marahaba. Nshajua ulichokuyia. Ni mimi niliyezima Jumatano. Wataka kunifunga, nifunge, lakini ningoje niutie mchele huu maji."

"Sijaja kukufunga."

"Basi mbona mato yako yawatazama watu kama waliokuibia kuku?"

Jefwa alicheka bila kutaka. Akavuta kigoda, akakaa. "Huu ufunguo huuazimi mtu?"

"Hata mume wangu, Mola amrehemu, hakuushika."

"Kwa hiyo hakuna awezaye kuiwasha ile kompyuta ila kwa mkono wako."

"Ila kwa mkono wangu."

"Alhamisi uliwasha saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo."

"Na Ijumaa?"

Vidole vya Bi Mwanakuu vilisimama juu ya mchele. "Ijumaa sikukaliwa na raha. Alfajiri, sijamaliza uradi wangu, mlango wagongwa. Nafungua, ni yule fundi wa kompyuta. Yuwaniambia, 'Washa stima, Aidarus amenituma, kuna kazi ya haraka.' Hakuniamkia. Miaka sabini na miwili nakaa katika nyumba hii, mtu hajapita mlango huu asubuhi bila ya kuniamkia. Nikamwambia, 'Kwenu watu hawaamkiani?' Ndipo akanipa salamu, naye akitazama ngazi."

"Ukawasha."

"Nikawasha. Saa kumi na mbili unusu. Nusu saa haikutimia akashuka, jasho lamtoka, na ulikuwa wakati wa baridi ya asubuhi. Nikasema moyoni, kijana huyu ana lake."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nani aliyeniuliza? Nyote mwaniuliza habari za kuzima. Hakuna aliyeniuliza habari za kuwasha."

Jefwa aliona haya kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli. Maelezo ya kwanza ya Bi Mwanakuu yalichukuliwa na konstebo siku ya Ijumaa adhuhuri, na yalikuwa na swali moja tu. Aliyaandika upya, akamsomea, naye akaweka dole gumba.

Aliporudi juu alimwita Bwana Aidarus pembeni.

"Ijumaa alfajiri ulimtuma Kenneth hapa?"

"Ijumaa alfajiri? Nilikuwa Shimanzi na maaskari wenu tangu usiku wa Alhamisi. Sikumtuma mtu." Kwa mara ya kwanza tabasamu la Bwana Aidarus lilipotea njia. Aligeuka kumtazama fundi wake, na Jefwa akaona shaka ikihama taratibu kutoka benchi la dirishani kwenda pembeni kwenye mashine.

"Kadzo, kompyuta hii ikiamka huandika saa?"

"Ndiyo. Kuna faili ya hayo."

"Nichapie ya wiki iliyopita."

Printa ikalia. Jumatatu saa mbili kasorobo, Jumanne saa mbili kasorobo, Jumatano vivyo hivyo, Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano za asubuhi. Jefwa akaikata karatasi, akaiweka mezani kando ya maelezo ya Kenneth ambayo wino wake ulikuwa haujapata hata saa moja.

"Kaa, Bwana Kenneth."

"Nimezoea kusimama."

"Kaa."

Akakaa.

"Mimi sijui kompyuta," Jefwa alisema. "Najua saa. Karatasi yako inasema mashine hii huhifadhi kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Nimeipima mara tatu mbele yako, imechukua zaidi ya nne kila mara. Umeniandikia kwamba hukuigusa tangu siku ya karatasi. Basi moja katika mambo haya mawili: ama ulipoandika karatasi hii ulimdanganya Bwana Aidarus, na wote waliokuja kuitazama, ama ulipoandika hii nyingine umenidanganya mimi. Chagua."

Kenneth aliifungua tai yake kidogo. "Mashine hubadilika. Faili zikijaa, huwa nzito."

"Kutoka sehemu ya kumi hadi sekunde nne na nusu, kwa siku tano? Ikarudi karibu pale pale ilipokuwa kabla hujaigusa?"

"Inawezekana."

"Ijumaa alfajiri ulifuata nini?"

Nje, mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, akiwaomba watu wapishe.

"Nilikuja kukagua tu," Kenneth alisema hatimaye.

"Bwana Aidarus hakukutuma. Ulimwambia Bi Mwanakuu amekutuma. Hivi punde uliniandikia kwamba hukuigusa. Haya, umebakiwa na uongo mwingine, au tuanze na ukweli?"

Bwana Aidarus alikaribia, mikono nyuma. "Sema, Kenneth," akasema, na safari hii hapakuwa na ukarimu wowote katika sauti yake.

Kenneth aliitazama karatasi ya ukutani kwa muda. Alipoanza kusema alisema upesi, kama mtu anayetapika. "Kompyuta ina kumbukumbu na ina diski. Kumbukumbu ni nyepesi, lakini stima ikikatika inasahau kila kitu. Diski ni nzito, lakini haisahau. Zamani kila neno lilikwenda diskini kwanza, ndipo karani akaambiwa limehifadhiwa. Zile sekunde nne ndizo hizo. Mimi niliiambia ipokee kwenye kumbukumbu, imjibu karani hapo hapo, kisha ipeleke yote diskini kwa mkupuo mmoja."

"Baada ya muda gani?"

"Nilijaribu dakika moja. Nikajaribu tano, nikajaribu kumi. Kila nilivyoongeza, nambari zilikuwa nzuri zaidi."

"Ukaacha kwenye ngapi?"

"Kumi na tano."

Bi Mwanakuu alikuwa amepanda ngazi kimyakimya na sasa amesimama mlangoni, sinia bado mkononi. "Yaani ni kama mtu kupewa amana," alisema, "akasema nishaitia sandukuni, kumbe bado ameishika mkononi."

"Ndiyo, Bi Mwanakuu," Jefwa akajibu. "Na wewe ukaja ukampiga mkono." Mara tu alipolisema alilijutia, maana alimwona bibi akishusha macho.

"Sikujua stima inazimwa," Kenneth alisema. "Wallahi sikujua. Mimi huja mchana, napima, naondoka. Alhamisi jioni ndipo niliposikia Kadzo anasema aliandika akashuka, na bibi akazima. Nikaelewa. Usiku kucha sikulala."

"Miaka minne nyumba hii inazima swichi saa kumi na mbili. Hukumuuliza mtu?"

"Nilipima mara ishirini."

"Ulipima karani anavyongoja," Jefwa alisema. "Kuhifadhi hukukupima hata mara moja."

Hata hivyo maneno ya mshukiwa ni maneno tu, na kesho saa tatu wakili yeyote angeyageuza. Jefwa aliitoa karatasi ukutani, akaiweka mezani. "Nataka mashine iliyo kwenye karatasi hii. Irudishe ilivyokuwa Jumatano, uniambie kila unachobonyeza, nami nitaandika."

Kenneth akafanya. Mikono yake ilikosea mara mbili. Mashine ikazimwa, ikaamka, na Kadzo akakaa tena mbele ya skrini. Akaandika mapipa arobaini, akaandika onyo.

"Sasa."

Kidole cha Jefwa hakikuwahi. Kabla hajaisimamisha saa, neno lilikuwa limeshatokea: Imehifadhiwa. Wote watano waliitazama taa ndogo nyekundu. Haikuwaka.

"Ndivyo ilivyokuwa," Kadzo alinong'ona. "Ndivyo hasa ilivyokuwa."

Wakangoja dakika kumi. Bwana Aidarus alikuwa ameishika ile fomu yenye tiki nyekundu, akiisoma kama mtu asiyejua kusoma. Dakika ya kumi Bi Mwanakuu akashuka, ngazi moja baada ya moja, na stima ikakatika. Ilipowashwa mashine ikajikagua robo saa nzima. Kama mzigo ungekuwamo, Kadzo angekuwa amekwisha.

Orodha ikafunguka. Ile mizigo mitatu ya asubuhi ilikuwamo. Wa nne haukuwamo. Pale ulipopaswa kuwa hapakuwa na kitu chochote, wala alama kwamba kuna mtu aliyewahi kukaa hapo akaandika.

"Mola wangu," alisema Bwana Aidarus.

"Kipimo kimoja ni bahati," Jefwa alisema. "Rudia. Safari hii tungoje dakika ishirini."

Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka msikiti wa jirani. Bwana Aidarus akaenda kuswali, akarudi na ndevu zenye maji, na alipofika ilikuwa dakika ya kumi na nne. Wakasimama mbele ya mashine pamoja. Dakika ya kumi na tano taa ikawaka, ikapepesa kwa muda mrefu, ikazimika. Dakika ya ishirini Bi Mwanakuu alizima. Alipowasha, na mashine ikamaliza kujikagua, mzigo ulikuwamo na onyo lake likiwamo.

Jefwa akaandika matokeo yote mawili, dakika na saa, akawapa Bwana Aidarus na Kadzo watie sahihi za ushahidi. "Kesho utakuja kortini, Kadzo, lakini hutapanda kizimbani. Mkubwa wangu atapata karatasi hizi leo hii."

Alidhani angefurahi. Kadzo alikuwa akiitazama taa.

"Dakika kumi na tano," alisema. "Mimi nilikaa kumi. Nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Ningekaa dakika tano tu zaidi, hata kwa kuchana nywele, Bonface angekuwa hai."

"Si wewe, mwanangu," Bi Mwanakuu akasema kutoka mlangoni. "Ni mimi niliyekuita ushuke. Nilikuwa na arusi ya kwenda. Nilikupigia ukelele, 'Kadzo, ndoo, shuka, nataka kuzima.' Mkono uliozima ni huu."

"Bi Mwanakuu, hukujua."

"Wala wewe hukujua."

Jefwa aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja wa miaka ishirini na mitatu na mwingine wa sabini na miwili, wakigombea kosa ambalo halikuwa lao, na roho ilimuuma. Bwana Aidarus alikuwa ameugeukia ukuta, pale palipobaki alama nyeupe ya fremu. Kenneth alikuwa akitazama viatu vyake.

"Inspekta," Kenneth alisema, "sikukusudia mtu afe."

"Nakuamini. Jumatano hukukusudia. Ijumaa je?"

Kenneth alianza kuikaza tai yake upya.

"Ijumaa alfajiri ulijua. Ulipanda ngazi hizi ukijua kwamba huyu binti alisema kweli, ukairudisha mashine ili aonekane mwongo. Hukumwamkia hata bibi wa watu. Ungemwacha apande kizimbani?"

"Nilidhani watamwachilia. Karani tu. Nilidhani watamwachisha kazi, basi."

Kadzo alisikia. Alisimama, akaenda mezani kwake, akachukua kalamu yake nyekundu kutoka kwenye kikombe. Alimpa Jefwa ile kalamu.

Jefwa aliifungua fremu, akaitoa karatasi ya vipimo, akailaza mezani mbele ya fundi pamoja na ile kalamu nyekundu. Chini ya sahihi yenye maringo palikuwa na nafasi ya mistari miwili. "Andika hapo," alisema, "kwamba karatasi hii haikupima kuhifadhi. Andika dakika ulizoweka. Andika siku uliyoirudisha mashine ilivyokuwa zamani. Kisha jina lako."

Kenneth akaandika. Aliandika polepole, kwa herufi za mtoto wa shule, na jina lake safari hii lilikuwa fupi. Jefwa alinyoosha mkono kuichukua karatasi aikunje aitie daftarini.

"Usiikunje bado, Inspekta," Kadzo alisema. "Ngoja wino ukauke."

Wakangoja wote.